Dada anamtumia mama vidonge vya vitamini D, na mimi naogopa kusema

BARUA

Shikamoo mshauri. Naomba jina langu lisitokee, maana dada yangu naye ni msomaji wako.

Tumezaliwa watatu. Mimi ndiye kitinda mimba na ndiye ninayeishi na mama. Mama ana miaka 72. Ana presha, na kila asubuhi humeza kidonge kimoja cha aina ile inayotoa maji mwilini. Magoti humuuma, hasa akikaa muda mrefu kisha akainuka, lakini bado anajipikia na bado anakwenda kusalimia jirani zake kwa miguu yake mwenyewe.

Dada yetu mkubwa anaishi mbali, kwenye nchi ya baridi. Ndiye anayebeba gharama nyingi za nyumba hii, na sitaki kuonekana sina shukrani. Alipimwa damu akaambiwa vitamini D yake iko chini sana. Daktari wake akamwandikia dozi kubwa, akatumia, na anasema maumivu ya mwili yalimwisha. Tangu hapo vitamini D imekuwa ndiyo mazungumzo yake, na kila anayesafiri kuja huku anapewa chupa za mama.

Sasa kuna chupa tatu mezani. Ya kwanza ni ya Marekani. Mbele imeandikwa vitamini D3, 125 mcg, na kwenye mabano 5,000 IU. Nyuma inasema kidonge kimoja kwa siku, 625%. Dada ameagiza mama ameze viwili, kimoja asubuhi na kimoja usiku, kwa sababu ni mzee na mifupa yake imechoka. Chupa ya pili ni ya Ulaya, kalsiamu iliyochanganywa na vitamini D. Inasema vidonge viwili kwa siku, vitamini D 20 µg, 400%. Ya tatu ni mchanganyiko wa vitamini na madini kwa ajili ya wazee, nayo nimeona ina vitamini D 25 mcg, 125%.

Kabla ya hizi kulikuwa na chupa iliyoandikwa 1,000 tu. Kwa hiyo nilipoona 125 nilijua hii imepunguzwa nguvu, nikasema labda ndiyo maana anataka mama ameze viwili. Halafu nikaona hiyo 625% nikachanganyikiwa. Hiyo ni kiwango cha ubora, au ni nini? Na ile ya Ulaya yenye 400%, inakaribia nguvu za ile ya kwanza?

Kinachoninyima usingizi ni hali ya mama. Kwa miezi kadhaa sasa ana kiu isiyoisha. Anaweka jagi la maji kitandani na likifika asubuhi ni tupu. Anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo. Choo kimekuwa kigumu, chakula anakisogeza pembeni, na amekuwa mzito wa kila kitu. Kila mtu anasema ni uzee. Labda ni uzee kweli.

Kaka yangu, ambaye ni wa kati, anasema niache, hizo ni vitamini tu, zikizidi zinatoka na mkojo. Nilimgusia dada kwa upole kwamba labda tupunguze, akaniuliza, “Kwa hiyo mimi namtumia mama yangu sumu?” Akakata simu. Tulikaa muda bila kuongea, na mama alihuzunika sana. Mama mwenyewe anavipenda hivyo vidonge. Wageni wakija anawaonyesha chupa, anasema, “Mwanangu ananijali.” Daktari wa presha hajaambiwa chochote, kwa sababu mama anasema hizo si dawa.

Nimewaza kuvitoa vidonge kidogo kidogo bila mtu kujua, ili dada akipiga simu ya video aone chupa inapungua. Nikinyamaza naona vibaya, nikisema naona vibaya zaidi. Nifanyeje?

Mimi binti yako, Njia Panda

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kitu kimoja nikuambie mapema: mtu anayelala akiwaza jagi la maji la mama yake si mtu asiye na shukrani.

Nikikuelewa vizuri, una mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni chupa: zina nini hasa, na je, zinaweza kuwa na uhusiano na hali ya mama? La pili ni namna ya kusema neno mbele ya dada anayelipa, mama anayevipenda vidonge na kaka asiyeona tatizo. Nitaanza na chupa, kwa sababu nadhani ukishazisoma vizuri utaingia kwenye hayo mazungumzo mengine ukiwa na kitu mkononi, si hofu peke yake.

Umeniambia 125 ni ndogo kuliko 1,000. Ni hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya. Lakini namba hizo mbili hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Ile 1,000 ya chupa ya zamani ni IU, yaani yuniti za kimataifa. Hii 125 ni mikrogramu. Kwa vitamini D, mikrogramu moja ni sawa na IU 40. Kwa hiyo chupa ya zamani ya IU 1,000 ilikuwa na mikrogramu 25. Kidonge kimoja cha chupa mpya ni sawa na vitano vya ile ya zamani, na mama anameza viwili. Zilizomo kwenye mabano, 5,000 IU, ni kiasi kilekile kimetajwa kwa kipimo cha zamani. Wengi wameteleza hapa, kwa sababu mwaka 2016 Marekani ilibadilisha kanuni za lebo na kutaka vitamini D iandikwe kwa mikrogramu, wakati watu walikuwa wamezoea IU miaka yote. Alama za mcg na µg zote ni mikrogramu, hazina tofauti. Ukikuta mg, simama usome tena: hiyo ni miligramu, na miligramu moja ya vitamini D ni IU 40,000.

Asilimia haisemi lolote kuhusu ubora. Inaonyesha tu kiasi kilichomo ukilinganisha na kiwango cha siku ambacho nchi imekichagua kwa ajili ya lebo, na nchi hazikuchagua kiwango kimoja. Lebo za Marekani zinahesabu mikrogramu 20 kuwa ndiyo 100%. Lebo za Umoja wa Ulaya zinahesabu mikrogramu 5. Sasa tazama chupa zako mbili: ile ya Marekani, mikrogramu 125, ni 625%. Ile ya Ulaya, mikrogramu 20 tu, imeandikwa 400%. Ukisoma asilimia peke yake utadhani zinakaribiana, kumbe ya kwanza ina zaidi ya mara sita ya nyingine. Kama kile kidonge cha kwanza kingeuzwa kwa lebo ya Ulaya, kingeandikwa 2,500%. Ndiyo maana nakuomba asilimia uiache, usome mikrogramu.

Na ukisoma mikrogramu, tafuta ule mstari wa juu wa jedwali unaosema kiasi cha kutumia kwa mara moja au kwa siku. Namba zote zilizo chini yake ni za kiasi hicho. Kwenye kalsiamu ya mama, hizo 20 ni za vidonge viwili pamoja. Kwenye chupa ya kwanza, 125 ni za kidonge kimoja, na lebo yenyewe inasema kimoja kwa siku. Hiyo ya viwili haikutoka kwenye chupa.

Tujumlishe basi. Vidonge viwili vya chupa ya kwanza, mikrogramu 250. Kalsiamu, 20. Mchanganyiko wa wazee, 25. Jumla ni mikrogramu 295 kwa siku, yaani IU 11,800. Kwa mtu aliyezidi miaka 70, kiwango kinachopendekezwa Marekani ni mikrogramu 20 kwa siku, na kinahesabu chakula pia. Uingereza inapendekeza 10. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima anashauriwa asikizidi kila siku bila kusimamiwa na daktari ni mikrogramu 100, na hapo Marekani na Ulaya zinakubaliana. Hata mkirudi kwenye kidonge kimoja kama lebo inavyosema, bado jumla ya chupa zote tatu ni 170.

Nataka niwe mwangalifu hapa ili usinisome kwa hofu. Mikrogramu 100 si mstari ambao ukiuvuka mtu anaanguka. Madaktari huandika dozi kubwa zaidi ya hiyo kwa mtu aliyepungukiwa sana, kwa wiki kadhaa, kisha wanampima. Kuna watu wamemeza kiasi kama cha mama na hawakudhurika. Kwa hiyo sisemi mama amepata sumu. Nasema anameza kiasi ambacho kingehitaji mtu wa kukisimamia, na huyo mtu hayupo.

Kauli ya kaka yako, kwamba zikizidi zinatoka na mkojo, ina ukweli kwa vitamini C na nyingi za kundi la B, ambazo huyeyuka kwenye maji. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta na hujiwekea akiba mwilini kwa wiki na miezi. Kazi yake mojawapo kubwa ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Ikizidi mno, kalsiamu nayo hupanda kwenye damu. Figo zikielemewa na kalsiamu hushindwa kuzuia maji, na hapo mtu hukojoa sana na kuwa na kiu. Utumbo huwa mzito, choo hukauka, hamu ya chakula hupungua, mwili huchoka, na wengine huanza kuchanganyikiwa. Mawe ya figo nayo hupata nafasi.

Umeona mwenyewe kwa nini barua yako ilinishtua. Na kuna kitu kingine ulichokitaja kwa kupita: kidonge cha presha kinachotoa maji. Dawa nyingi za aina hiyo ni za kundi la thaiazaidi, na hizo hupunguza kalsiamu inayotoka kwenye mkojo. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na milango mitatu ya kalsiamu kwa wakati mmoja: vitamini D inayoiingiza kwa wingi, vidonge vya kalsiamu vyenyewe, na dawa inayozuia isitoke. Angalia na ile chupa ya tatu, mara nyingi nayo huwa na kalsiamu.

Lakini hatujui. Kiu na haja ndogo za usiku zinaweza kuwa kisukari, tena kisichokuwa na uhusiano wowote na chupa hizi. Kukojoa kunaweza kuwa kazi ya dawa ya presha yenyewe. Choo kigumu huletwa na vidonge vya kalsiamu hata kama vitamini D iko sawa. Na uzee upo pia. Ila neno “ni uzee” ningependa liwe la mwisho kusemwa, baada ya vipimo, kwa sababu likisemwa kwanza hufunga mlango wa mengine yote. Kipimo cha damu cha kalsiamu, cha figo, cha sukari, na cha vitamini D kitawapa jibu ambalo si mimi wala dada yako anayeweza kulitoa kwa mbali. Hili la kumpeleka mama nakuomba lisisubiri muafaka wa familia. Ni la siku hizi chache. Akianza kutapika, kuchanganyikiwa, kushindwa kunywa au moyo kwenda mbio, ni la siku hiyohiyo. Chukua chupa zote tatu pamoja na dawa ya presha, uziweke kwenye mfuko mmoja, na uziweke mbele ya daktari. Usimsimulie tu, maana namba hizi hupotea mdomoni.

Kuhusu siku za kusubiri, wengi huuliza kama ni salama kusimama. Kwa sababu akiba ya vitamini D hukaa mwilini muda mrefu, siku chache bila vidonge haziwezi kumwacha mama mtupu. Kusimamisha chupa hizi tatu mpaka daktari aone ni hatua nyepesi, isiyomwondolea kitu. Kama una mfamasia unayeweza kumfikia leo, mwonyeshe lebo na umuulize. Dawa ya presha ni jambo tofauti kabisa. Hiyo asiiache bila aliyeiandika kusema.

Sasa tumgeukie dada, na naomba univumilie nikiuliza mambo mawili matatu kwa niaba yake.

Yeye alipimwa. Dozi yake iliandikwa kwa kufuata namba iliyoonekana kwenye damu yake, na akapata nafuu. Kosa liko wapi mtu akitaka mama yake apate nafuu ileile? Tena inawezekana kabisa mama naye amepungukiwa. Wengi hudhani anayeishi kwenye jua hawezi kukosa vitamini D, lakini ngozi ya mzee huitengeneza kwa shida kuliko ya kijana, ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, maana kioo huzuia miale inayohitajika. Kwenye chakula haipo kwa wingi, nje ya samaki wenye mafuta, ini, viini vya mayai na vyakula vilivyoongezewa. Kwa hiyo dada anaweza kuwa sahihi kuhusu upungufu na bado asiwe sahihi kuhusu kiasi. Ukilishika hilo, mazungumzo yenu hayatakuwa ya nani ana makosa.

Mkipata majibu ya damu, jihadharini na mtego uleule wa vipimo. Maabara nyingine huandika kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa nanomoli kwa lita. 20 kwenye kipimo cha kwanza ni sawa na 50 kwenye cha pili. Dada akikwambia yake ilikuwa kadhaa na ya mama ni kadhaa, ulizaneni kwanza ni za kipimo gani.

Kuhusu magoti, ningekuwa mpole na matumaini. Upungufu mkubwa wa vitamini D kwa mtu mzima huleta maumivu ya mifupa na udhaifu wa mapaja, na huo ukitibiwa mtu husikia tofauti. Lakini goti linalouma mtu akiinuka katika miaka ya sabini mara nyingi ni kiungo kilichochakaa, na vitamini D haikirudishi. Na lile wazo kwamba kwa mzee kikizidi ndiyo bora limeshapimwa. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Australia ambapo wanawake wa miaka 70 na zaidi walipewa IU 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka ili wasivunjike mifupa. Waliopewa walianguka na kuvunjika zaidi ya wasiopewa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL, wenye watu zaidi ya 25,000, uliwapa wengine IU 2,000 kila siku kwa miaka kama mitano. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha mifupa iliyovunjika haikupungua kwa watu ambao kwa sehemu kubwa hawakuwa wamepungukiwa. Hii haifanyi vitamini D kuwa kitu bure. Watoto waliopona matege ni ushahidi wake kwa karne nzima sasa. Inaonyesha tu kwamba humsaidia aliyeikosa, na asiyeikosa haongezewi mengi.

Njia uliyoiwaza, ya kuvitoa vidonge kimyakimya, naielewa. Ingeokoa simu nyingi za uchungu, na mama angepunguziwa mzigo leo hii. Hofu yangu ni hizi. Mama ni mtu mzima mwenye akili zake, na siku akigundua kwamba vidonge vyake vilichezewa na mtoto anayelala naye nyumba moja, unaweza kupoteza imani ambayo ndiyo inamfanya akwambie anapoumwa. Pili, dada ataona chupa inaisha na kutuma nyingine, pengine yenye nguvu zaidi kama magoti hayajapona. Tatu, daktari akiuliza mama anameza nini, mama atajibu kwa anavyojua, nawe utalazimika ama kukanusha mbele yake ama kumwacha daktari afanye hesabu ya uongo. Kunyamaza nako kuna bei yake, na umeshaijua, usingizi huna.

Unaweza kuanza na mama. Umeniandikia wanavyosema dada, kaka na watu wengine, lakini sikuona mahali ulipomuuliza mama mwenyewe anajisikiaje na kama ingempendeza kupimwa. Huenda naye ameona mabadiliko na anameza ili asimvunje moyo mwanawe. Mzee akisema “nataka kupimwa” kwa kinywa chake, kauli hiyo ina uzito ambao kitinda mimba hawezi kuupata kwa kubishana. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa, au akamwambia dada kwa namna itakayoonekana wewe ndiye uliyemtia maneno. Wewe ndiye unayemjua.

Unaweza kuanza na dada, lakini kwa mlango tofauti na ule wa kwanza. Mara ile ulisema tupunguze, naye akasikia kwamba zawadi yake imekataliwa. Mtu aliye mbali na mama anayezeeka hana namna ya kumshika mkono. Chupa ndiyo mkono wake. Sasa unaweza kumpigia ukiwa na hali ya mama badala ya rai yako. Kwa mfano: “Dada, mama ana kiu sana siku hizi na choo kinamsumbua. Tunampeleka kupimwa, na daktari atataka kujua kila anachomeza. Nisaidie na majibu yako ya damu na dozi uliyoandikiwa, ili tujue tunalinganisha na nini. Tumesimamisha kidogo mpaka tusikie.” Mtumie picha za nyuma ya chupa zote tatu, zile za majedwali, na ile hesabu ya 295. Mwombe awe kwenye simu siku ya kuonana na daktari, ajiulizie mwenyewe. Akisikia kutoka kwa daktari hatalazimika kushindwa na mdogo wake. Anaweza kukasirika tena, hilo siwezi kukuahidi halitatokea, na kwa sababu gharama zinatoka kwake najua hasira hiyo ina uzito nyumbani kwenu. Fikiria kama kaka, akishaelezwa tofauti ya vitamini C na D, anaweza kuwa upande wako siku hiyo. Alikosea jambo la kitaalamu, sidhani kama hajali.

Au daktari awe wa kwanza kujua na familia ifuate. Hiyo ndiyo ya haraka, na kwa hali ya mama ina sababu. Ubaya wake ni dada kusikia akiwa wa mwisho.

Na kama vipimo vitaonyesha kalsiamu iko sawa na vitamini D iko chini, mama atahitaji kidonge kweli, na chupa moja ya dada itabaki mezani kwa dozi iliyoandikwa. Hapo mtahitaji kuchagua ipi. D3, kama iliyo kwenye chupa ya kwanza, huinua kiwango cha damu vizuri na kwa muda mrefu kuliko D2, ambayo ni aina nyingine ya vitamini D. Maneno “ya asili” hayasemi kiasi. D3 nyingi hutengenezwa kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Kama mna jambo la imani kuhusu jelatini ya ganda la kidonge, ambayo hutokana na wanyama, soma orodha ya viambato vingine chini ya jedwali. Mihuri ya wakaguzi wa nje kama USP au NSF inamaanisha kilichomo kimepimwa na kinafanana na kilichoandikwa, na hiyo ina thamani, kwa sababu Marekani virutubisho haviidhinishwi na serikali kabla ya kuuzwa kama dawa zinavyoidhinishwa. Muhuri haujui presha ya mama yako, wala haujui chupa nyingine mbili zilizo kando yake. Mwambieni ameze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hufyonzwa vizuri zaidi hivyo.

Chupa zikisimamishwa, usizitupe. Daktari anaweza kuzihitaji, na mama akizikosa ghafla mezani ataumia. Mwachie mahali pake, zikiwa zimefungwa, na umweleze kwa nini. Kisha uniandikie kalsiamu imesomeka ngapi, na dada amejibu nini.